Oliver Tambo (1917–1993): kiongozi aliyetunza kiti kwa ajili ya wengine

Jina la Nelson Mandela linajulikana kila mahali. Mtoto wa masomo ya chini hapa Mulungwishi analijua, na mzee wa Likasi asiyejua kusoma analijua vile vile. Lakini Mandela alikaa kifungoni miaka 27. Muda huo wote, nani aliongoza parti yake? Nani aliwalisha, aliwasomesha na kuwazika watu wengi waliokimbia Afrika ya Kusini? Ni mtu mmoja mpole, mwenye miwani na sauti ya taratibu, aliyeitwa Oliver Reginald Tambo.

Tunaeleza maisha yake kwa sababu mbili. Ya kwanza: sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya jirani kwetu, katika Tanzania na Zambia. Kabwe, mahali alipofanya mkutano mkubwa mwaka 1985, pako juu ya reli ile ile inayotoka kusini na kuingia Katanga mpaka Likasi. Ya pili: mtu huyu alitaka kuwa padri. Njia hiyo ilifungwa mbele yake, naye akakabiziwa kundi la namna nyingine. Basi swali letu ni hili: mtu anayewekwa kuongoza wakati wenzake wamefungwa, anaongoza ginsi gani bila kugeuza kiti kuwa mali yake? Swali hili ni la politiki. Lakini padri katika paroki yake, na mwalimu katekista katika kijiji chake, wanakutana nalo kila siku.

1. Mtoto wa Kantolo

Oliver Tambo alizaliwa tarehe 27 mwezi wa kumi 1917 katika kijiji cha Kantolo, karibu na Bizana, katika inchi ya Wampondo, upande wa mashariki wa Afrika ya Kusini. Waingereza walitwaa inchi hiyo mwaka 1894, na wazee walikuwa hawajasahau. Kwa hiyo baba yake, Mzimeni, alimpa mtoto jina la Kaizana, kwa kufuata jina la mfalme wa Wadachi aliyekuwa anapigana na Waingereza siku zile. Baba alikuwa na wake wanne. Julia, mama yake Oliver, alikuwa wa tatu, naye alikuwa mkristu.

Baba hakupata masomo, lakini alitaka mwana wake asome. Mtoto alianza kwa Wametodisti huko Ludeke. Sisi wa Mulungwishi, tuliozoea kuona misioni na masomo ya Wametodisti hapa kwetu, hatutashangaa. Kisha akapelekwa kwenye misioni ya Waanglikani iitwayo Holy Cross. Feza ya masomo ilikosekana nyumbani. Wanawake wawili wa Uingereza wasiomjua kwa sura ndio waliolipa. Kutoka hapo akaenda Johannesburg, kwenye masomo ya St Peter's, yaliyoongozwa na watawa wa Kianglikani. Akiwa huko alifiwa na wazazi wote wawili. Hata hivi, mwaka 1938 alishinda mtihani wake katika daraja la kwanza, akaingia chuo kikuu cha Fort Hare, akapata diploma ya sayansi mwaka 1941.

Mwaka 1942 wanafunzi wa Fort Hare waligombana na wakubwa wa chuo. Wakubwa wakadai kila mmoja atie sahihi kwenye karatasi ya kuahidi utii. Tambo aliona kwamba zamiri yake haimruhusu. Akakataa, akafukuzwa. Hakupiga kelele, alifunga mizigo yake, akaondoka.

2. Mwalimu, avoka, mwombaji wa upadri

Mapadri wa St Peter's hawakumtupa. Walimrudisha pale awe mwalimu wa hesabu na sayansi. Ni wakati huo alipofanya urafiki na Padri Trevor Huddleston, mtawa Mwingereza aliyefika Johannesburg mwaka 1943. Urafiki huo ulidumu mpaka kifo.

Mwaka 1944 Tambo alikuwa kati ya vijana walioanzisha Umoja wa Vijana ndani ya African National Congress, yaani ANC. Wenzake walikuwa Mandela, Walter Sisulu na wengine. Yafaa tujue kwamba presidenti wa kwanza wa Umoja huo, Anton Lembede, alikuwa Mkatoliki mwenye bidii, na A. P. Mda aliyemfuata alikuwa Mkatoliki vile vile. Lembede alikufa mwaka 1947, hajafika miaka 34.

Mwaka 1948 parti ya Makaburu ilishinda uchaguzi wa wazungu, na mambo yaliyokuwa mabaya yakawa sheria. Hiyo ndiyo apartheid, maana yake kutenganisha. Mwaka 1950 ilitoka sheria ya kuandika kila mtu kwa rangi yake, na sheria nyingine ya kugawanya miji, kila rangi na mtaa wake. Mwaka 1953 ikatoka sheria ya masomo, kusudi mtoto mweusi afundishwe yale tu yanayotosha kwa kutumikia. Wazee wetu waliokaa Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, wakati wa Wabeleji, wanakumbuka mtaa wa wenyeji, pasi ya kuhama, na ile karata ya mwenendo mwema iliyoanza kutolewa mwaka 1948. Basi wafikiri mambo hayo yakizidishwa mara nyingi, bila tumaini la kwisha.

Tambo alisoma sheria. Mwaka 1952 yeye na Mandela walifungua ofisi yao ya uavoka katika Johannesburg. Kila asubuhi watu walijaa mpaka kwenye ngazi: mwanamke aliyefukuzwa nyumbani mwake, mzee aliyekamatwa juu ya pasi, mkulima aliyenyanganywa shamba la babu zake. Mandela aling'aa mbele ya hakimu. Tambo alikuwa mtu wa kusoma karatasi mpaka mwisho, na kutafuta neno moja la sheria litakalomwokoa mtu.

Moyoni alikuwa na wito mwingine. Askofu Mwanglikani wa Johannesburg, Ambrose Reeves, alikuwa amekwisha kumkubali kati ya wale watakaotayarishwa kwa upadri. Lakini tarehe 5 mwezi wa kumi na mbili 1956 polisi waliamka mapema, wakakamata viongozi katika inchi nzima. Watu 156 walishitakiwa uhaini, na Tambo ndani yao. Wakati ule alikuwa na mchumba, Adelaide Tshukudu, mwuguzi. (Kwa Waanglikani padri anaweza kuwa na mke.) Siku ya ndoa ilikuwa imekwisha kuwekwa, wakafunga ndoa tarehe 22 ya mwezi ule ule, mara alipotolewa kwa dhamana. Mashitaka juu yake yalifutwa mwaka uliofuata. Lakini upadri haukurudi. Parti ilimweka mwandishi mkuu mwaka 1955, na mwaka 1958 ikamfanya makamu wa presidenti, Chifu Albert Luthuli.

3. Kutoka katika inchi

Tarehe 21 mwezi wa tatu 1960, huko Sharpeville, polisi walipiga risasi watu waliokusanyika kukataa pasi. Watu 69 walikufa, wengi wakiwa wamepigwa mgongoni, yaani walikuwa wanakimbia. Wakubwa wa ANC walikuwa wamekwisha kupatana: siku parti itakapokatazwa, Tambo atoke inje, awe mdomo wa watu wake mbele ya dunia. Siku chache nyuma ya mauaji, rafiki mmoja mzungu, Ronald Segal, alimvusha kwa gari mpaka Bechuanaland, ndiyo Botswana ya leo. Tarehe 8 mwezi wa nne serkali ilikataza ANC.

Tambo alikuwa na miaka 42. Hakujua kwamba hatakanyaga tena udongo wa kwao kwa miaka 30 na zaidi.

Kutoka Bechuanaland alifika Tanganyika, na Dar es Salaam ikampokea. Kiongozi wa TANU, Julius Nyerere, hakuwa mgeni wa shauri hili. Tarehe 26 mwezi wa sita 1959 Nyerere alisema pamoja na Padri Huddleston katika mkutano wa London ulioanzisha kazi ya kuwaomba watu wasinunue vitu vya Afrika ya Kusini. Kutoka mkutano huo ilitokea ile kazi kubwa ya kupinga apartheid katika Bulaya. Na mwaka 1960 Huddleston mwenyewe akawa Askofu wa Masasi, kusini ya Tanganyika, akakaa pale mpaka mwaka 1968. Hivi mwalimu wa zamani wa hesabu na rafiki yake mtawa, wote wawili waliotengwa na Johannesburg, walijikuta tena katika inchi moja ya Kiswahili.

Tukumbuke mambo ya kwetu mwaka ule ule. Katanga ilijitenga mwezi wa saba 1960. Kati ya wamersenere, yaani askari wa kukodiwa kwa feza, waliokuja kupigana hapa mpaka mwanzo wa 1963, wengi walitoka Afrika ya Kusini. Wakaja tena mwaka 1964 na 1965 katika vita vya mashariki ya Kongo. Basi baba zetu walijua Afrika ya Kusini ya namna mbili: ile ya reli iliyobeba shaba kwenda kusini, na ile ya bunduki. Ya tatu, iliyokuwa inateseka na kusali, hawakuiona, ingawa ilikaa karibu nao.

4. Kundi bila inchi

Mwezi wa sita 1964 Mandela, Sisulu na wenzao walihukumiwa kifungo cha maisha. Tarehe 21 mwezi wa saba 1967 Chifu Luthuli alikufa. Serkali ilisema treni ilimgonga. Ilipita miaka 58 mpaka hakimu wa Pietermaritzburg, mwezi wa kumi 2025, akakata kwamba aliuawa kwa kupigwa. Wakubwa wote wa ndani walikuwa gerezani au kaburini. Tambo akaanza kushika nafasi ya presidenti.

Kundi alilopewa lilikuwa gumu. Tangu mwaka 1964 vijana wake walikaa katika kambi ya Kongwa, karibu na Dodoma. Walikuwa wameacha mama na masomo kusudi wapigane, nao wakangoja miaka. Mwaka 1967 wengine walijaribu kupita Rhodesia kwa silaha; wengi walikufa au kufungwa. Waliorudi walikuwa na uchungu. Chris Hani na wenzake sita waliandika karatasi kali: viongozi wanasafiri kwa ndege na kulala hoteli, askari wanasahauliwa. Hani huyo alizaliwa katika jamaa ya Wakatoliki. Alihudumia altare utotoni, akatamani upadri kama Tambo. Wakubwa wengine wa parti walikasirika, na walioandika wakafukuzwa.

Tambo angeweza kunyamaza, na jambo lingekwisha kwa nguvu. Pahali pa kunyamaza, aliita mkutano wa wote huko Morogoro, kutoka tarehe 25 mwezi wa nne mpaka tarehe 1 mwezi wa tano 1969. Wajumbe walisema kila kitu walichokuwa nacho moyoni. Tambo alisikiliza. Kisha aliweka uongozi wake mezani, kusudi mkutano ujisikie huru kumchagua mwingine. Mkutano ukamrudisha. Hani na wenzake walisamehewa wakarudishwa katika parti, na Hani akawa baadaye mmoja wa wakubwa wa jeshi. Parti nyingi za wakimbizi zilipasuka vipande vipande katika miaka ile. Watu wachache walitoka katika ANC, lakini kundi lenyewe halikupasuka, na wengi wanakubali kwamba sababu kubwa ni ginsi Tambo alivyosikiliza.

Nyuma ya Morogoro ofisi kubwa ilikuwa Lusaka, kwa ruhusa ya Presidenti Kaunda. Wenzake wanashuhudia namna yake. Katika baraza aliacha kila mtu aseme, akiandika polepole katika kitabu chake. Alisema yeye wa mwisho, akikusanya mawazo ya wote. Hotuba moja aliisahihisha mara nyingi mpaka usiku. Alipenda kuimbisha kwaya. Vijana wa kambi waliokwisha kukata tamaa aliwapanga kwa sauti nne, akawafundisha kuimba pamoja. Waseminari wetu wanajua samani ya kazi hiyo: mtu hawezi kuimba katika kwaya bila kumsikiliza mwenzake.

Jamaa yake ililipa sehemu yake. Adelaide alikaa London na watoto watatu, akifanya kazi ya uguzi mchana na usiku kwa kuwalisha. Baba alipita siku chache, kisha akaondoka tena. Sisi tunaosifu mtu aliyeacha yote, tusimsahau mwanamke aliyebaki na watoto.

5. Mazimbu

Tarehe 16 mwezi wa sita 1976 watoto wa masomo wa Soweto walikataa kufundishwa kwa luga ya Makaburu. Polisi waliwapiga risasi. Nyuma ya siku hiyo vijana kwa mamia, kisha kwa maelfu, walivuka mipaka, wengi wao hawajamaliza masomo. Wote walitaka bunduki. Tambo aliona kwamba taifa haliwezi kujengwa na watu waliofundishwa bunduki tu.

Mwaka 1977 serkali ya Tanzania iliwapa shamba la zamani la katani huko Mazimbu, karibu na Morogoro. Wakimbizi wenyewe, pamoja na mafundi Watanzania na wasaidizi wa Bulaya, walijenga madarasa, nyumba, hospitali, pahali pa watoto wadogo. Masomo yalianza mwaka 1978. Yalipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana wa miaka 22 aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 mwezi wa nne 1979. Pale mtoto aliyekimbia bila baba wala mama alifundishwa hesabu, historia ya kwao, na kulima. Mwaka 1992 majengo yote yaliachwa mkononi mwa Tanzania, na leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Wakimbizi walipokelewa kwa mikono mitupu. Walipoondoka waliacha chuo.

6. Silaha na zamiri

Hapa lazima tuseme wazi jambo linalosumbua. Tambo, mtu wa sala, aliongoza parti iliyokuwa na jeshi. Je, mkristu anaweza?

Eklezya haikupenda kamwe mapigano ya raia. Mwaka 1967 Papa Paulo VI, katika barua yake *Populorum Progressio*, alionya kwamba maasi yanazaa maonevu mapya. Lakini hakusahau kutaja hali ya utawala wa zuluma ulio wazi na uliodumu siku nyingi. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika ya Kusini walikuwa wamekwisha kusema mwaka 1957 kwamba apartheid ni mbaya katika asili yake. Na mwezi wa nne 1986 wajumbe wao walifika Lusaka kuongea na ANC. ANC yenyewe iliomba haki bila silaha tangu mwaka 1912 mpaka 1961. Jibu lilikuwa gereza na risasi.

Basi Tambo alikubali silaha, lakini hakuzipenda, tena alitaka ziwekwe chini ya sheria. Tarehe 28 mwezi wa kumi na moja 1980 alikwenda Geneva, kwa Msalaba Mwekundu, akatia sahihi kwamba watu wake watafuata mapatano ya Geneva: kutotesa mateka, kutolenga wasiopigana. Ahadi hiyo haikushikwa sikuzote. Tarehe 20 mwezi wa tano 1983 bomu lilipasuka mbele ya ofisi za jeshi katika Pretoria, saa watu walipokuwa wanatoka kazini. Watu 19 walikufa, na zaidi ya 200 waliumia. Wengi walikuwa wapita njia, weusi kwa weupe. Mwanahistoria asiifiche damu hiyo kwa sababu anampenda Tambo.

Kwa upande wa pili, serkali ya Pretoria ilivuka mipaka ikiua. Tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili 1982 askari wake waliingia Maseru, katika Lesotho, usiku. Waliua watu 42, na 12 kati yao walikuwa wenyeji wa Lesotho. Inchi hiyo imezungukwa pande zote na Afrika ya Kusini. Wenzake walimwomba Tambo asiende. Alikwenda, akasimama mbele ya makaburi, akawazika watu wake.

7. Zambi ndani ya nyumba

Jaribu kubwa zaidi halikutoka kwa adui. Pretoria ilipeleka wapelelezi ndani ya kambi za ANC katika Angola, hofu ikaingia, na walinzi wa parti wakaanza kutesa watu waliozaniwa tu kuwa wapelelezi. Gereza lao lililoitwa Quatro likawa jina la kutisha. Mwaka 1984 askari wengine waliasi. Wakadai, kati ya mambo mengine, mkutano wa wote kama ule wa Morogoro. Maasi yalizimwa kwa nguvu, na wengine wakauawa.

Tambo alichelewa kuona, au alichelewa kutenda. Hilo haliwezi kukanwa, maana presidenti alikuwa yeye. Lakini nyuma ya hapo hakufunika. Parti iliweka tume ya kuuliza sababu za maasi, na tume iliandika maneno machungu. Tambo alimwomba Albie Sachs, avoka wa Afrika ya Kusini aliyekaa Maputo, kutayarisha sheria za mwenendo: mshitakiwa ahukumiwe namna gani, na mateso yakatazwe kabisa, hata kwa adui aliyekamatwa. Mkutano wa Kabwe, mwezi wa sita 1985, ulipokea sheria hizo. Haikutosha, na maonevu hayakwisha mara moja. Mwaka 1998 Tume ya Ukweli na Upatanisho ilihukumu ANC wazi juu ya makambi hayo. Lakini tuangalie jambo hili: parti iliyokuwa vitani iliandika sheria ya kujifunga mikono yenyewe, hapo inchi nyingi zenye amani hazikusubutu.

8. Kurudisha kiti

Mwaka 1980 ANC iliamua kulipeleka jina la Mandela mbele ya dunia, kusudi wafungwa wote wajulikane kwa jina la mmoja. Tambo ndiye presidenti. Angeweza kutaka sura yake ichapwe kwenye karatasi za ukutani. Alitangaza jina la mwenzake katika Bulaya, Amerika na Afrika, mpaka mtoto wa Mulungwishi akalijua jina la Mandela, na jina la Tambo asilijue. Hiyo haikuwa bahati mbaya. Alifanya hivyo kwa mapenzi yake.

Mwaka 1989 alianza kuona mwisho. Alizunguka inchi za jirani kwa ndege aliyokopeshwa na Kaunda, akitayarisha maneno ya mapatano yatakayokubaliwa na Afrika nzima. Tarehe 9 mwezi wa nane, katika Lusaka, alianguka kwa ugonjwa wa damu kichwani. Siku 12 nyuma yake wajumbe wa Afrika walikubali karatasi ile huko Harare. Yeye alilala hospitalini London, kisha Sweden. Huko Sweden, mwezi wa tatu 1990, Mandela aliyetoka kifungoni alimkuta. Walikuwa hawajaonana karibu miaka 30.

Tambo alirudi kwao tarehe 13 mwezi wa kumi na mbili 1990, akitembea kwa taabu. Mwezi wa saba 1991, katika mkutano wa Durban, alitoa hesabu ya kazi yake, akamwachia Mandela uongozi. Parti aliyoichukua bila inchi aliirudisha ikiwa nzima. Tarehe 10 mwezi wa nne 1993 Chris Hani aliuawa mbele ya nyumba yake. Tarehe 24 ya mwezi ule ule Tambo akakufa. Alizikwa Wattville, katika mtaa wa watu wa kawaida. Mwaka mmoja na siku tatu nyuma ya kifo chake, tarehe 27 mwezi wa nne 1994, watu wote wa Afrika ya Kusini walipiga kura kwa mara ya kwanza. Kama Musa juu ya mlima Nebo, aliiona inchi, hakuingia.

9. Mafundisho kwetu

Sisi wa Kongo tunadaiwa na kazi ya mtu huyu. Ilikuwa Afrika ya Kusini mpya iliyowapokea wajumbe wetu huko Sun City mwaka 2002, na tena mwezi wa nne 2003, walipotia sahihi mapatano ya kumaliza vita. Inchi iliyotuletea wamersenere ilituletea meza ya kuongea. Mapatano hayo hayakumaliza machozi yote ya mashariki, lakini deni linabaki.

Tujifunze mambo matatu. La kwanza: wito unaweza kufungwa mlango mmoja, na mwenye wito asiwe ameupoteza. Mseminari anayetoka seminari bila upadri hajatupwa. Tambo hakuvaa stola, lakini alitunza kundi miaka 30. La pili: anayeongoza lazima akubali kushitakiwa na walio chini yake. Morogoro ulimwokoa Tambo. Pale Angola, ambapo malalamiko ya askari hayakupata baraza, watu walikufa. Kama katika paroki yako hakuna mtu anayesubutu kukuambia kosa lako, usifikiri huna kosa. La tatu: kiti ni amana. Katika inchi yetu tumeona viongozi waliokaa mpaka watoto wao wakazeeka wakingoja, na hata katekista anaweza kukataa kumfundisha kijana kazi yake, kwa hofu asije akamrisi mapema.

Kwa hiyo tunawaomba walimu wa katekismu wasome habari hii pamoja na vijana, na kuwauliza swali moja: katika kijiji chetu, nani amewahi kuacha kazi ya uongozi akiwa bado anapendwa, na aliiacha katika hali gani? Majibu yao yatatufundisha mengi juu yetu wenyewe.